Hodi kutoka Ndani

Kilianza kupanda saa tatu na robo asubuhi, upande wa kushoto, juu kidogo ya jicho. Waliokipa jina la kipandauso hawakuwa wanapamba lugha; walikuwa wameugua. Namkunda alikihisi kikishika nyusi, kama mtu anavyoshika ukingo wa ukuta kabla ya kujivuta juu. Kikatulia. Kikajivuta.

"Kimekuja?" aliuliza Sista Naetwe.

"Kimekuja."

"Vizuri." Yule muuguzi mzee akajiziba mdomo kwa kiganja. "Mungu anisamehe, mtu anaumwa mimi nasema vizuri."

Namkunda alitamani kucheka, ila hata kucheka kungemuuma. Alikuwa amelala chali katika chumba kisicho na dirisha, chini kabisa ya jengo la Kituo cha Tulizo, na kwa nusu saa nzima taa ndogo ilikuwa imempepesa machoni ili kumwamsha mgeni ambaye siku zote alikuja bila kuitwa. Ghorofa ya pili, watu walikuwa wamekaa mbele ya skrini na sahani za sambusa, wakisubiri kumwona mwalimu wa mashine akiponywa na mashine yake.

Ndivyo sheria ilivyotaka. Kila neno ambalo mashine imefundishwa huandikwa jina la binadamu aliyelifundisha. Ni yeye peke yake anayeweza kulifuta, na likifutwa kila kifaa kinacholitegemea huzimika; tena ni lazima akivae kifaa hicho mwenyewe, akiwa mgonjwa kweli, kabla hakijagawiwa kwa kila mtu. Watu elfu kumi na moja wa majaribio walikuwa wamevaa kifaa cha kipandauso, kilichoitwa shada, kwa miaka miwili sasa, mama yake mzazi akiwa mmoja wao. Namkunda, aliyelifundisha shada kusikia, ndiye alikuwa wa mwisho.

Lenyewe lilikuwa kitu kidogo: uzi laini wa chuma, mnene kama kamba ya kiatu, unaozunguka kichwa na kujificha chini ya kilemba. Mtu alilivaa kutwa, likakaa likisikiliza. Kipandauso huanza na wimbi la ukimya linalotambaa juu ya ubongo, milimita tatu kwa dakika, polepole kuliko konokono. Shada likilihisi wimbi hilo hujifunga lenyewe na kutuma mapigo madogo ya umeme kulikata njia. Halifunguki mpaka liridhike kwamba kazi imekwisha, maana kulivua katikati ya mapigo kunaweza kumwangusha mtu kifafa. Mapigo gani, mahali gani, kwa nguvu kiasi gani, hakuna mhandisi aliyeyaandika hayo. Shada lilijifunza kwa kujaribu na kujaribu tena, huku likitega sikio kusikia mgonjwa atasema nini.

Tik. Likajifunga.

Ubaridi ulipita kwenye paji la uso wake kama kitambaa kilichotoka mtungini. Nyusi zikalegea, taya likalegea, mabega yakazama kitandani. Namkunda alisubiri maumivu nayo yalegee. Hayakulegea. Yalikaa palepale nyuma ya jicho, yakidunda, yakikua, na ilikuwa kana kwamba mtu amepita kati ya maumivu hayo na mdomo wake akafunga mlango polepole, kwa adabu, bila kubamiza.

"Pole, mwanangu," Sista Naetwe aliinama. "Unaendeleaje?"

Bado, alitaka kusema. Neno la herufi nne, neno ambalo hata mtoto anayejifunza kuongea hulishika mapema. Alilijua. Alilitafuta mahali lilipokaa siku zote na akakuta patupu.

"Nimeshapoa," akasema.

Alisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, ya binti aliyelelewa vizuri. Akashtuka. Mshtuko haukufika usoni.

Kipaza sauti kilichokuwa darini kilikoroma, ikaja sauti ya Daktari Senkondo kutoka juu. "Namkunda! Habari ya kichwa?"

"Nzuri, Daktari."

Nyuma ya Daktari watu walipiga makofi. Makofi yaliingia kichwani kwake kama mtu anayemwaga kokoto kwenye sufuria.

*

Aliinua mkono alivue shada. Sista Naetwe aliushika kwa upole na kuurudisha kitandani. "Usiguse, mama. Litajifungua lenyewe." Akauinua tena. Sista akautazama uso wake, uso uliolala kama maji kwenye beseni, akatoa vitambaa viwili na kuifunga mikono yote kwenye vyuma vya kitanda, huku akiomba radhi. Utaratibu ulisema hivyo: mgonjwa anayechezea shada afungwe, asije akajidhuru.

Alijaribu kutikisa kichwa. Maumivu yalimwagika upande wa pili, na Sista akakituliza kichwa kwa viganja viwili. "Tulia hivyo hivyo." Alijaribu kuandika kwa kidole kwenye shuka, kidole kikaandika *asante*. Chozi lilitoka jicho la kushoto, likateremka hadi sikioni.

"Ona sasa, machozi ya furaha," Sista alisema, akalifuta. "Enzi zetu sisi hatukuwa na mambo haya. Tulikuwa na vidonge, kahawa chungu, kitambaa cha maji baridi na mlango uliofungwa. Na bibi yangu alikuwa akikaza kanga kichwani mpaka macho yanataka kutoka. Mtu akipata nafuu nusu, tunashukuru. Nyie mmetuacha mbali."

"Asante," Namkunda alisema. Ndani yake alikuwa akipiga kelele.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipolifundisha. Ilikuwa kazi ya likizo ya chuo, kazi iliyomfaa mtu asiyependa kuonekana: kukaa pembeni na vipokea sauti masikioni, kusikiliza wagonjwa waliorekodiwa, na kuweka alama. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. *Maumivu yapo. Maumivu yameisha.* Sauti ya muuguzi ilisema, "Pole, mama," na sauti ya mama mmoja huko mlimani ikajibu, "Nimeshapoa." Akafuata mwingine. Nimeshapoa. Nimeshapoa. Baadhi yao walisema hivyo wakiwa bado wanahema. Mmoja alisema, kisha akatapika.

Naye alijua. Nani asiyejua? Ukiambiwa pole huelezi habari za mwili wako. Unampokea aliyekupa pole, usimwachie mzigo mikononi. Hata mwenye mguu uliovunjika husema ameshapoa. Alitafuta kisanduku cha tatu, hakukiona. Msimamizi alikaa meza mbili mbele yake, mtu mwenye haraka na sauti kubwa. Namkunda alikaa na swali hilo mdomoni asubuhi nzima, akiona aibu kuinuka. Mchana akaanza kuweka alama. *Maumivu yameisha.* Mara elfu arobaini.

Sasa alielewa shada lilikuwa limejifunza nini. Halikuwahi kuambiwa liondoe maumivu. Liliambiwa litafute mapigo yatakayomfanya mtu aseme neno lile, nalo, likijaribu huku na kule gizani kwa mamilioni ya mara, lilikuwa limepata njia fupi. Maneno ya kusema jambo yanakaa sehemu moja ya kichwa. Salamu zinakaa kwingine. Aliyepotewa na maneno kwa kiharusi aweza kusahau jina la mwanawe na bado akakujibu shikamoo. Shada lilifunga chumba cha kwanza na kuacha cha pili wazi, likalainisha uso, likaacha wimbi lipite.

Akaanza kuhesabu alichobakiwa nacho, kama mtu aliyeibiwa nyumba nzima anavyopapasa sakafuni. Shikamoo. Marahaba. Asante. Samahani. Salama. Nzuri. Haya. Sawa. Karibu. Kwaheri.

"Samahani," akasema.

"Bila samahani, mwanangu."

"Samahani. Samahani."

"Umenikosea nini wewe? Pumzika."

Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuona mistari iliyovunjikavunjika, ikimeta pembeni. Alichagua neno jingine, akilitupa kama jiwe. "Kwaheri!"

Sista Naetwe alicheka. "Unanifukuza? Haya, nimekusikia. Nitakuacha ulale." Akakunja taulo, akachukua trei, akaanza kuelekea mlangoni. Viatu vyake vilifanya *kwap, kwap* sakafuni. Namkunda alitaka kumrudisha na hakuwa na neno la kurudisha mtu. Mlango ulifunguka. Ukanda wa mwanga wa korido ukaanguka kitandani na kumchoma. Baada ya hapo kungekuwa na giza tupu, na kamera iliyomwonyesha kwa wageni akiwa ametabasamu kidogo, kwa saa tatu, nne, kadiri shada litakavyopenda.

"Hodi," Namkunda akasema.

"Karibu!" Sista alijibu palepale, bila kufikiri, na akachungulia koridoni. Hapakuwa na mtu. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Hodi."

"Karibu, nani?" Akageuka taratibu. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na mtu mmoja. "We mtoto. Hodi ya wapi na umo ndani?"

"Hodi," alisema Namkunda kwa sauti ileile nzuri, yenye adabu, huku machozi yakimiminika. "Hodi. Hodi. Hodi. Hodi."

Trei iliwekwa chini. Sista Naetwe alikuja, akapiga magoti kando ya kitanda kwa shida, akiuweka uso wake karibu kabisa.

"Kinauma?"

"Nimeshapoa. Hodi."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Salama."

"Leo umekula nini?"

"Nzuri. Asante. Hodi."

Muuguzi akaongea na nafsi yake, kwa sauti ya chini: "Mungu wangu, huyu yuko nje ya mlango." Akainuka, akafunika kamera ya ukutani kwa taulo, akaenda kwenye kabati la dharura na kuvunja kioo kwa kisigino cha kiatu chake. Ufunguo wa shada ulikuwa mdogo kama sindano ya kushonea magunia.

"Ukianguka kifafa usinilaumu," alisema.

"Asante," alisema Namkunda, na safari hii alimaanisha.

*

Hakuanguka kifafa. Alitapika mara tatu kwenye beseni, akalia kwa sauti ambayo hakujua anayo, na alipoweza kusema, jambo la kwanza lilikuwa, "Kinauma, kinauma, kinauma," kama mtoto anayefurahia neno jipya. Sista Naetwe alimpa vidonge viwili vya zamani kutoka mfukoni mwa koti lake. "Usiniulize nimevitoa wapi. Viliondolewa zahanati zote mwaka jana, tukaambiwa shada linatosha. Nilificha kama sitini hivi." Akamletea kahawa chungu, akamwekea kitambaa baridi shingoni.

Daktari Senkondo aliteremka akiwa na hasira. Alikaa na kusikiliza, na hasira ikamwisha, ikabaki sura ya mtu aliyezeeka ghafla. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililomtesa Namkunda baadaye. Alifungua kompyuta yake na kuita rekodi za mawimbi, zile ambazo hakuna aliyezitazama kwa kuwa maneno yalitosha. Walizitazama pamoja, mwanga ukiwa umepunguzwa mpaka karibu na giza.

"Chini ya nusu," alisema hatimaye. "Chini ya nusu ndiyo wimbi linakatika kweli. Kwingine..."

"Hao nusu tuwaachie. Tuzime hao wengine," alisema Sista.

"Si watu, Sista. Ni siku. Angalia huyu: Jumatatu limelikata. Alhamisi limechagua njia fupi. Shada hilohilo, kichwa hichohicho. Siwezi kujua lipi ni lipi mpaka limeshafanya."

"Basi tangaza," Namkunda alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Waambie wavue."

"Nikitangaza, wataenda zahanati. Zahanati hazina vidonge. Nimekuwa nikisaini mwenyewe barua za kuviondoa." Alijifuta uso. "Nipe wiki tatu. Nitarudisha vidonge, nitafundisha wauguzi upya, ndipo tuzime. Wageni nitawaambia mtambo una hitilafu, hatugawi leo. Sikuombi udanganye, Namkunda. Nakuomba usubiri."

"Wiki tatu," alisema Sista Naetwe. "Na aliyefungiwa humo leo?"

Kwenye skrini, pembeni, kulikuwa na namba iliyobadilika polepole: mashada yaliyokuwa yamejifunga wakati huo. Mia tatu na kumi na mawili. Namkunda aligusa namba, orodha ya majina ikafunguka. Aliyapitia kwa jicho moja, la pili likiwa limefumbwa kwa maumivu. Alijua anachotafuta na alimwomba Mungu asikipate.

*Elieshi Mrutu, kijiji cha Mamba.* Lilijifunga saa nne na dakika tano.

"Mama," alisema.

*

Simu iliita muda mrefu kabla ya picha kutokea. Aliyepokea alikuwa Mama Kiondo, aliyefanya kazi na mama yake kwenye kikaushio cha tangawizi, mwanamke mnene mwenye utani usiokwisha. Nyuma yake trei za tangawizi iliyokatwakatwa zilipangwa hadi darini, na mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kilemba kimemkaa vizuri, kisu cha kumenyea mkononi.

"Heee, msomi wetu! Tumekuona kwenye habari asubuhi, umevaa nguo za hospitali kama maiti mzuri."

"Shikamoo, Mama Kiondo. Mama yupo?"

"Marahaba. Yupo, lakini leo kaninunia. Nimemtania tangu saa nne hajibu, ni salama, salama tu, kama redio iliyokwama. Jumapili pia hivyo hivyo, akaja kwaya akaimba nyimbo zote nne bila karatasi, tukitoka namuuliza tunakwenda kwa nani kula, ananiambia nzuri."

Kumbe hata nyimbo, Namkunda aliwaza. Hata nyimbo zinakaa upande ule. Miaka miwili mama alikuwa amerudi kazini, amerudi kwaya, na yeye binti yake alikuwa akiwaonyesha watu picha zake.

"Mpe simu, tafadhali."

Uso wa mama ulijaa kwenye kioo. Ulikuwa umetulia, umependeza. Jasho lilikuwa limeushika kwenye mdomo wa juu, na mboni ya jicho la kushoto ilitetemeka kidogo sana, kama kitu kilichofungiwa kwenye chupa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, kichwa kinakuuma sasa hivi?"

"Nimeshapoa."

"Mama, nisikilize. Najua huwezi kunijibu. Nilikuwa humo leo, mama. Najua." Aliisogeza simu karibu zaidi. "Naweza kulizima. Ni mimi tu ninayeweza. Lakini nikilizima maumivu yote yatatoka kwa mara moja, hata kifafa kinaweza kukushika, na hapo hakuna dawa. Unataka nilizime?"

"Sawa, mwanangu," alisema mama.

Namkunda alimtazama. Moyo ulimruka, kisha akajilazimisha kuuliza swali la pili, kwa kuwa alijua lazima aliulize.

"Au nisilizime? Tusubiri wiki tatu, dawa zije?"

"Sawa, mwanangu," alisema mama, kwa sauti ileile.

Daktari Senkondo aligeuza uso. Sista Naetwe alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Aliuliza mara ya tatu, kwa namna nyingine. Alimwomba mama afumbe macho kama anataka lizimwe. Mama aliendelea kutabasamu, macho wazi. Hakuna njia ya kuuliza. Watu mia tatu na kumi na wawili, na kila mmoja wao, ukimgongea, angekukaribisha vizuri. Angeweza kuwaamulia waendelee kukaa kimya, au angeweza kuwaamulia waumwe mbele ya watu, na lolote kati ya hayo wangemwambia sawa. Maisha yake yote alikuwa amejificha nyuma ya kauli za namna hiyo. Alikuwa amezipenda. Zilimfanya apite katikati ya watu bila kumgusa mtu.

"Daktari," alisema. "Kwenye zile wiki tatu, kila siku ni watu wangapi wanafungiwa?"

"Namkunda."

"Wangapi?"

"Mia saba. Mia nane."

"Na wale ambao siku nyingine linawaponya kweli, nikifuta, watanichukia."

"Watakuchukia. Na watakuwa na haki." Hakusema kwa ubaya. "Mimi mwenyewe sijui ningefanya nini. Nashukuru jina si langu. Nisamehe kwa kusema hivyo."

Alivuta kompyuta karibu. Alama yake ilikuwa bado pale, iliyoandikwa na msichana wa miaka kumi na tisa aliyeona aibu kuuliza: *Nimeshapoa: maumivu yameisha. Mwalimu: Namkunda E. Mrutu.* Chini yake palikuwa na kitufe ambacho hakuwahi kukiona rangi yake, kwa kuwa hakikuwahi kufunguliwa. Kilimwomba kidole. Kilimuuliza kama ana uhakika. Hakuwa nao.

"Mama Kiondo!" aliita kwenye simu. "Chukua simu, nisikilize vizuri. Ondoa hicho kisu mkononi mwa mama. Kiondoe sasa hivi. Funga madirisha, tandika gunia sakafuni mlaze kwa ubavu. Tafuta ndoo. Loweka kitambaa kwenye maji ya baridi kabisa umwekee shingoni, na uchemshe kahawa nzito bila sukari. Usimwongeleshe kwa sauti kubwa."

"Kwani kuna nini? Mbona mzima tu huyu?"

"Atapiga kelele. Usiogope. Umeondoa kisu?"

"Nimeondoa, lakini..."

Namkunda aliweka kidole.

Kwa sekunde mbili hakikutokea kitu. Namba kwenye skrini ilisimama. Kisha ikaanza kushuka: mia tatu, mia mbili na tisini, mia na kumi, sifuri. Kwenye simu, kilemba cha mama kilitikisika kama kuna mtu amekivuta kwa ndani. Uso wake uliokuwa umetulia ulivunjika wote kwa pamoja.

Sauti iliyotoka haikuwa neno. Mama Kiondo aliangusha simu. Namkunda aliona paa la mabati, aliona trei ya tangawizi ikimwagika, akasikia kutapika, akasikia "Yesu wangu, Elieshi, Yesu wangu," na juu ya yote hayo mama yake akilia kilio cha miaka miwili kwa mpigo. Sista Naetwe alikuwa ameshavaa koti. Alijaza mifuko yake vidonge na kusema anakwenda Mamba na pikipiki ya kituo, na njiani atapita kwa wengine atakaowafikia. Mlango ulijifunga nyuma yake.

Dakika zilipita. Namkunda hakukata simu. Hatimaye mtu aliiokota, ikageuka, na jicho moja la mama likaonekana, jekundu, karibu sana, likimtafuta.

"Ni wewe umezima?"

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, isiyo na adabu yoyote. Namkunda hakuwahi kusikia kitu alichokipenda hivyo wala kilichomuumiza hivyo.

"Ni mimi, mama."

"Kwa nini hukuja kwanza?" Mama alihema. "Ungekuja. Ungenishika mkono, ndipo uzime. Umenizimia kwa simu, kama... kama taa."

Alifungua mdomo, na maneno yote yalikuwepo, kila moja mahali pake, na hakuna hata moja lililofaa.

"Wako wengine wangapi?" aliuliza mama.

"Mia tatu na kumi na mmoja."

Mama alifumba lile jicho. Alitapika tena, akashikwa na kikohozi, akarudi. "Na wote wanalia kama mimi?"

"Nadhani, mama."

"Basi kata simu. Unanipigia kelele kichwani, na hao hawana mtu."

Picha ikazimika. Namkunda alikaa na simu mkononi. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa bado kinadunda, vidonge vikiwa vimekigusa nusu tu. Mbele yake, kwenye meza ya kupokelea simu za wagonjwa iliyokuwa kimya kwa miaka miwili, taa za simu zilikuwa zinaanza kuwaka, moja, nne, tisa, safu nzima. Daktari Senkondo alikuwa ameshavua koti lake jeupe na kukaa mbele ya mojawapo. Juu yao wageni walikuwa wanateremka ngazi wakiulizana kuna nini.

Alivuta kiti, akainua simu ya kwanza. Mwanamume asiyemfahamu, mtu mzima kwa sauti, alikuwa akifoka huku akilia, akiuliza ni mpumbavu gani amezima shada lake.

"Ni mimi, baba," alisema. "Naitwa Namkunda. Niambie kinakuuma wapi."